Kulwa na Neema: Homoni, dawa ya tezi na mitumbwi ya Mwaloni

KULWA: Tuko hewani jamani. Neema leo macho mekundu, na safari hii sio harusi.

NEEMA: Niache bwana. Wiki hii niko kwa shangazi wa Nyegezi, mnamjua, yule anayemgombezaga Kulwa. Nimemkuta saa nane mchana, jua la Mwanza hili, kajifunika blanketi, uso umevimba, choo kigumu, anasinzia huku anaongea.

KULWA: Malaria hiyo.

NEEMA: Mtaa mzima wamesema malaria, kapimwa hamna. Sasa shangazi alifanyiwa operesheni ya goita, tezi ikatolewa yote, kila asubuhi anameza levothairoksini, yaani homoni ya tezi ya kidonge. Juzijuzi joto la kukoma hedhi likamzidi, akaanzishiwa vidonge vya homoni, estrojeni na mwenzake projesteroni. Kupima TSH, ile homoni ya kutoka kichwani inayoiamrisha tezi, iko juu, maana yake homoni ya tezi haimtoshi.

KULWA: Kwa hiyo dawa zinagombana.

NEEMA: Hazigombani. Estrojeni ya kumeza inapita kwenye ini, ini nalo linamwaga protini nyingi za kubeba homoni ya tezi kwenye damu, na homoni iliyobebwa haifanyi kazi, inayofanya kazi ni ile iliyo huru. Chukulia pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, mitumbwi ndiyo protini, vibarua ndio homoni: mitumbwi imeongezeka ghafla, vibarua wote wamepanda, nchi kavu hamna wa kushusha dagaa.

KULWA: Wamepanda wanaenda wapi?

NEEMA: Popote, Kulwa.

KULWA: Ukerewe? Maana kibarua hapandi mtumbwi bila kujua nani analipa mafuta ya injini.

NEEMA: Mwenye tezi nzima, tezi inaongeza vibarua yenyewe. Shangazi hana tezi, ndio maana daktari kampandishia dozi, na TSH inarudiwa baada ya wiki sita mpaka kumi na mbili hivi, sio kesho yake.

KULWA: Ameajiri wa kutoka Sengerema. Na mwenye mitumbwi yuko wapi wakati wote huu?

NEEMA: Ini!

KULWA: Ini lina leseni?

NEEMA: (anacheka) Nakuchukia. Haya, estrojeni ya kibandiko au ya kupaka inapita kwenye ngozi, hailigusi ini sana, mitumbwi haiongezeki kihivyo.

KULWA: Yaani unapita daraja la Kigongo-Busisi, unaachana na majini kabisa. Sasa lawama ni ya shangazi, ukienda kwa daktari unataja kila unachokimeza.

NEEMA: Hapana. Anayeandika dawa ndiye aulize.

KULWA: Foleni ile? Ana wagonjwa mlangoni mpaka getini!

NEEMA: Kovu liko shingoni, Kulwa, anaangaliwa usoni! Na shangazi kwa akili yake homoni ni mambo ya kike, hayahusiani na shingo, angeyatajaje?

KULWA: Angebeba maboksi kwenye mfuko. Mama yangu anabeba.

NEEMA: Mama yako anabeba mpaka vikoi.

KULWA: Na haijawahi kumtokea hii.

NEEMA: Haumwi tezi!

KULWA: Mimi sibadilishi.

NEEMA: Na mimi hapa hapa. Ila mjue mwenyewe alitaka kumeza vidonge viwili viwili bila kuambiwa, nikamnyang'anya, ukizidisha moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi hamna, jasho linakutoka halafu unadhani ni joto la hedhi limerudi, na ukikaa hivyo muda mrefu mifupa inaisha.

KULWA: Tumebakiza dakika mbili na tulipanga kutaja mambo matano leo.

NEEMA: Yote yamezama kwenye mitumbwi yako. Nitaje moja: kidonge cha tezi ni kwa maji matupu, tumbo tupu, chai ya maziwa isubiri nusu saa mpaka saa nzima, vidonge vya madini chuma au kalsiamu vikae mbali masaa manne.

KULWA: Shangazi akae nusu saa bila chai? Hilo utamwambia mwenyewe.

NEEMA: Nimemwambia, kanijibu chai yake sio maziwa, ni chai tu yenye maziwa, sasa hapo wewe ungemju—

KULWA: Muda, muda, tumekatwa.