Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, ndani ya gari

Jambo yenu, wapendwa wa Bukavu, wa Goma, wa Lubumbashi, na ninyi mnaonitazama mkiwa kazini huku mmezima sauti ili mkubwa wenu asijue. Mnaniona niko ndani ya gari. Nimetoka kazi ya usiku sasa hivi, nje kuna baridi ya kukata masikio, na hita bado haijafika miguuni. Leo sipiki wala sitembei dukani kuwaonyesha bei ya ndizi. Kuna mtu ameniuliza mara tatu: "Yaya, yule mdogo wako aliyeingia kwa Wamormoni, aliishia wapi?"

Hakuishia popote. Yuko Lubumbashi, Katuba, anatembea kwa miguu.

Wageni niwaeleze kidogo. Yaya kwetu ni ndugu mkubwa. Sisi ni watu wa Bukavu. Mimi nimefika hapa Salt Lake City mwaka 2017. Mdogo wangu alikuwa Nairobi kwa shangazi, anasoma. Siku moja ananiandikia kwamba amebatizwa katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ndio hao Wamormoni. Sasa fikirini: makao makuu ya kanisa hilo yako hapa ninapoishi. Hekalu lao kubwa liko katikati ya mji, limefungwa kwa ukarabati tangu mwisho wa 2019, na mimi nimepita kando ya zile winchi miaka yote nikienda kwaya ya Kikatoliki. Vijana wao wa mashati meupe wamegonga mlango wangu mara ngapi! Nawapa maji, nawaaga. Mvua ilinyesha kwangu, aliyelowa ni yeye.

Mama alilia siku mbili. Mama ni Mkatoliki wa ile Bukavu iliyomlilia Askofu Mkuu Munzihirwa alipouawa Oktoba 1996. Alimwambia kwenye simu: "Yule alikufa akiwa nasi, na wewe, mtoto wangu, unatutoka?"

Mimi sikulia, nilimshambulia. Nikamwambia: mpaka Juni 1978 mwanaume mweusi hakupewa ukuhani katika kanisa lenu. Baba yetu alikuwa ameshazaliwa. Hilo walikueleza? Nilikuwa na hamu ya kumsikia akibabaika. Akajibu polepole: "Nilisoma kabla sijabatizwa, Yaya. Liliniuma. Bado linaniuma. Niliomba nikiwa na hayo maumivu." Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao haukuwa na shida yoyote, nawaambia ukweli.

Basi, Agosti 2024 akaanza umisionari. Wavulana wanaruhusiwa kuanzia miaka 18, wanatumikia miezi 24, na mahali hawachagui wenyewe. Yeye barua ilimwambia Misheni ya Lubumbashi, iliyofunguliwa 2010. Na jina la mtu linabadilika: kwa Kifaransa wanamwita "Elder" na jina la ukoo, na kwenye machapisho yao ya Kiswahili hilo neno limetafsiriwa Mzee. Mtoto niliyemfuta kamasi anaitwa Mzee!

Jumatatu ndiyo siku yao ya kufua, kunyoa nywele, kwenda sokoni na kupiga simu nyumbani. Zamani walipiga mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Ruhusa ya kila wiki imekuja Februari 2019, kwa hiyo sisi tuna bahati. Ananipigia saa tisa mchana ya Lubumbashi, ambayo kwangu ni saa kumi na mbili asubuhi. Wakisogeza saa hapa Marekani inakuwa saa moja. Naegesha hapa hapa mnaponiona.

Miezi ya kwanza, mnisamehe, ilikuwa inachosha. "Yaya, wiki hii tumefundisha watu wanne, wawili wametuambia turudi." Kama mtu anayesoma ripoti kwa msimamizi. Swali lolote ana jibu, na jibu lina aya. Simu naisimamisha juu ya dashibodi, mimi nakula mkate wangu.

Kilichoniamsha ni shati.

Mashati meupe, wapendwa, katika udongo mwekundu wa Katanga, msimu wa mvua! Januari Jumatatu moja akageuza simu anionyeshe. Beseni la plastiki, maji yamekuwa rangi ya tofali, naye anasugua kola kwa kidole gumba, anapaka sabuni ya mche, anasugua tena, anainua juu kwenye mwanga kutazama kama ule mstari umetoka. Haujatoka. Anarudia. Jua hakuna siku ya tatu, kwa hiyo mashati yametandazwa juu ya viti kuzunguka mbabula, jiko la makaa. Na moja limeungua kiwiko. Alishona kiraka mwenyewe, kwa uzi wa bluu, maana mweupe ulikwisha. Mishono mikubwa mikubwa kama ya gunia. Kijana ambaye Nairobi alikuwa hatoki nje bila kupiga pasi hata kamba za viatu. Nikamwambia nitume pesa anunue jingine. Akasema, "Acha, Yaya, hili watu wanalijua."

Tangu siku hiyo nikaanza kuuliza maswali, na yeye akaanza kuniambia mambo yenyewe. Kwamba sisi tunasema bugali, pale ni bukari, na ukikosea watoto wanakufuata njia nzima wakikuiga. Kwamba mwenza wake, maana wanatembea wawili wawili saa zote, ni mtu wa Kinshasa ambaye Kiswahili anajifunza barabarani. Huyo aliombea nyumba moja, akataka kumbariki bibi mwenye nyumba. Kwa Lingala bibi ni koko. Akadhani kwa Kiswahili itakuwa karibu na hapo, akafumba macho akasema kwa sauti: "Baba wa Mbinguni, mubariki kuku wa nyumba hii." Watoto wakaanguka chini. Yule bibi akajibu, "Amina, na mayai yake."

Halafu kuna mzee. Ni mstaafu wa migodini, anaishi peke yake na redio. Mara ya kwanza aliwatengea chai, nao hawanywi chai wala kahawa, ni sheria yao. Mzee akakasirika: "Mutoto anakatala chai ya muzee?" Nyie mnajua uzito wake kwetu. Mdogo wangu anasema walitoka pale wameinama kama wezi. Wiki ya pili wakarudi. Mzee akawatazama, akaingia ndani, akatoka na sufuria ya maji moto na mchaichai, bila jani la chai hata moja. Akasema, "Hii je? Mungu yenu anaruhusu hii?" Inaruhusiwa. Wamekunywa kila wiki tangu hapo. Mzee hajabatizwa, na amewaambia waziwazi hatabatizwa. Wanaenda tu.

Sasa nifike nilipokuwa naogopa kufika. Jumapili ya tarehe 16 Februari 2025, Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23. Wa nyumbani hamhitaji niwasimulie. Mama yuko Kadutu, hapo hapo Bukavu, na simu yake haikupatikana tangu Ijumaa. Jumatatu nikatoka kazini sijui hata nilipakia masanduku mangapi. Saa kumi na mbili simu ikaita.

Hakuwa na ripoti. Shati halikupigwa pasi. Akaniambia jana jioni mzee alikuja nyumbani kwao, redio kwapani, akakaa kwenye ngazi. Hakusema neno. Akakaa mpaka giza, mwenza akapika bukari, mzee akala kidogo akaenda.

Halafu akasema, "Yaya, tuombe." Huwa anamaliza simu kwa sala ya Kifaransa, nzuri, imenyooka, mimi nasubiri iishe. Siku hiyo akaanza Kifaransa, akakwama. Kimya. Nikadhani ni mtandao kweli. Kisha nikamsikia anasema "Nyamuzinda", jina la Mungu kwa lugha yetu, na akaendelea kwa Mashi, lugha ambayo hatujaongea pamoja tangu utoto. Maneno machache. Mlango wa Mama usivunjwe. Awe na maji na chumvi. Na wale wenye bunduki wapite wamechoka. Akanyamaza. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye paji la uso kufanya ishara ya msalaba. Wao hawafanyi. Akanitazama kwenye simu, akangoja mkono ufike bega la pili, ndipo akasema kwa jina la Yesu Kristo, amina. Nyuma yake sauti ya yule wa Kinshasa: amina.

Jumatano Mama akapatikana. Alilala chini ya kitanda siku mbili. Aliniuliza kwanza kama nimekula, halafu: "Na yule Mormoni wangu, yuko salama?" Wangu! Nikacheka mpaka nikalia kwenye maegesho.

Siku hizi majibu yake yamepungua. Wiki iliyopita walikwenda kwa mama aliyezika mtoto, akawauliza kwa nini. Nikamuuliza, ukamwambia nini? "Nilimwambia sijui. Tukamchotea maji, tukajaza mapipa mawili." Mwaka jana angenipa aya tatu. Na cha ajabu, mimi ambaye sitaingia kanisa lake, sasa namwamini anaposema ameomba.

Hita imeshika, na mimi nina usingizi. Anamaliza Agosti 2026. Ninyi wa Katuba, mkimwona kijana mrefu, kiwiko kina kiraka cha uzi wa bluu, mkaribisheni akae kivulini. Chai msimpe. Mchemshieni mchaichai, na sukari iwe nyingi, anapenda.