Simu Ikishakatwa, Kazi Ndiyo Inaanza

Mhadhara kwa watangazaji, watayarishaji na mameneja wa redio za West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, uliotolewa Arua

Ndugu zangu, hamjambo. Tuanze na hesabu ndogo.

Chukueni kipindi cha saa moja. Toeni dakika 5 za habari, 10 za matangazo ya biashara na 20 za mgeni. Zimebaki 25. Kila simu ikila dakika 2, mnapokea watu 12, basi. Sasa fungueni orodha ya simu zilizoingia studio wiki nzima, mhesabu namba zinazojirudia. Wapigaji sugu mnawajua hata kwa kikohozi: wanaume, wako mjini, salio haliwaishii, na wengine salio hilo wamewekewa na mheshimiwa fulani. Wakiwa 6 kati ya wale 12, nusu ya kipindi imekwenda kwa watu mnaoweza kuwakuta kwenye stendi ya boda hapo nje.

Dawa ya kwanza ni bipu. Tangazeni kwamba msikilizaji abipu tu, mtayarishaji atampigia. Gharama inahamia kwa kituo, ndiyo, lakini mnapata vitu viwili. Mama wa Rhino Camp, kwenye makazi ya wakimbizi, asiye na salio anaingia kwenye foleni sawa na mfanyabiashara. Na mtayarishaji anazungumza naye kabla hajaingia hewani: anatoka kijiji gani, anataka kusema nini, kuna mtu anataka kumtuhumu kwa jina? Vituo vingi vidogo havina mtambo wa kuchelewesha sauti, kwa hiyo mazungumzo hayo ya dakika moja ndiyo kinga yenu dhidi ya kesi ya kashfa. Namba iliyokwisha kwenda hewani ipumzike siku 14.

Wekeni pia namba ya wanawake peke yao, ipokelewe na mwanamke. Mtakutana na tatizo moja: mke anaongea, mume amesimama nyuma yake anamnong'oneza maneno. Ukivaa hedifoni unamsikia kabisa. Msimuumbue hewani. Mtayarishaji amuulize mapema ni saa ngapi anaweza kuongea kwa nafasi, ampigie saa hiyo, arekodi. Redio ya nyumbani mara nyingi ni ya baba na hutoka naye, hivyo kipindi cha akina mama kikirushwa saa nne asubuhi huenda kinasikilizwa kilabuni.

Sasa daftari. Daftari la karatasi, lenye safu 7: tarehe, namba ya simu, kijiji na kaunti ndogo, jambo lenyewe kwa maneno ya msikilizaji, ofisi inayohusika, jibu lilipatikana lini, lilirushwa lini. Ukitaka kujua kama kituo kina wasikilizaji au kina wapigaji kelele, angalia safu mbili za mwisho. Ndizo hubaki tupu.

Hubaki tupu kwa sababu swali liliandikwa vibaya. Mtu anasema, "Kisima chetu kimekufa." Haitoshi. Pampu ya U2, hii ya mpini iliyo vijijini kwetu, hufa kwa namna nyingi. Mpini umekuwa mwepesi ghafla na hakuna tone? Huenda fimbo ya chini au mnyororo umekatika. Maji yanakuja baada ya kupampu mara 20 au 30? Huenda vali ya chini inavuja, au bomba limetoboka. Yana rangi nyekundu na ladha ya chuma? Shuku kutu ya mabomba. Kubadilisha mpira wa pistoni ni kazi ya fundi wa pampu kwa mchango wa kamati ya maji. Kubadilisha mabomba yote ni gharama ya kupeleka kaunti ndogo au wilayani. Ukimpigia afisa maji wa wilaya kuhusu mpira, atakwambia hilo ni la kamati, na atakuwa sahihi, na msikilizaji wako amekosa. Muulizeni mpigaji maswali hayo matatu kwanza.

Kila Jumamosi tengeni dakika 15 za majibu. Hata jibu likiwa "ofisi tumeipigia Jumanne, Alhamisi na Ijumaa, haijapokea," lisomwe hivyo hivyo, bila kejeli. Kejeli inampa afisa sababu ya kutopokea wiki ijayo.

Vikundi vya kusikiliza, yaani wanakijiji wanaokutana kusikiliza kipindi pamoja, viwe vya watu 15 hadi 20. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, aarifiwe, ila asichague wanachama, maana atachagua ukoo wake. Wakirekodi maoni kwa simu, maikrofoni ikae ngumi moja kutoka mdomoni na mtu aupe upepo mgongo. Wakiongea Lugbarati, Kiarabu cha Juba au Kiswahili, wacheni sauti yao isikike kwanza, tafsiri ifuate.

Kuhusu siasa nitasema kidogo. Vimeeza vya Kampala, ile mijadala ya hadhara iliyorushwa moja kwa moja, vilipigwa marufuku Septemba 2009 wakati wa ghasia za Buganda, ufalme wa jadi wa eneo la Kampala. Anayepeleka kipaza sauti sokoni leo ni heri arekodi, ahariri, arushe kesho yake. Na mgombea akinunua saa nzima, semeni hewani kwamba imelipiwa, na wapinzani wake wapewe nafasi sawa. Jedwali la Nne la Sheria ya Mawasiliano ya 2013 linadai usawa huo kwa wagombea. Saa iliyonunuliwa isiyopokea simu msiiite mjadala. Ni tangazo refu.

La mwisho, na mameneja mliandike. Laini ya studio isajiliwe kwa jina la kituo. Mtangazaji akihamia redio nyingine na laini ni yake, ameondoka na namba zote, na watu wataendelea kubipu huko alikokwenda. Daftari nalo lifungiwe kwenye kabati la kituo.

Karibuni kwa maswali.