Rasimu ya sheria ndogo ya moto: anayepiga yowe asiadhibiwe

Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe wa halmashauri ya kijiji, kamati ya maliasili, ndugu zangu wa Kilwa, asalaam aleikum. Wazee, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie rasimu ya sheria ndogo ya moto kabla haijafika mkutano mkuu wa kijiji. Nimeisoma mara tatu. Ina ibara kumi na moja, na tisa zinaanza na "ni marufuku". Hapo ndipo pananikera.

Kuwasha moto ovyo msituni ni kosa tayari. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 ina sehemu nzima ya moto. Lakini Oktoba ikifika, moshi uko palepale. Mkulima wa ufuta hana trekta. Ana panga, jembe na kiberiti. Ameshafyeka, majani yamekauka, anatazama mawingu. Atachoma. Mkimkataza kabisa, atawasha jua la saa nane, watu wakiwa wametawanyika, kisha aondoke asionekane. Moto ukimponyoka hapigi yowe, maana kupiga yowe ni kujikamatisha.

Nilifika shamba la mzee mmoja siku ya pili baada ya moto kichaa kupita. Chini ya mikorosho, korosho zilizodondoka zilikuwa bado zinavuja mafuta meusi na kufuka moshi unaowasha macho. Mzee alikuwa akikwaruza gome la kila mti kwa ukucha, akitafuta kijani. Jirani aliyewasha alikuja kutoa pole kama wengine. Baadaye, pembeni, akaniambia aliuona moto ukivuka njia ungali mdogo, wa kuzimwa na watu wanne wenye matawi mabichi. Aliogopa kuita. Mikorosho ile ilikuwa ada ya shule ya wajukuu.

Kwa hiyo naomba sheria yetu itaje msimu. Mwezi wa sita nyasi bado zina unyevu. Kamati ikichoma mapema, moto unalamba majani ya chini na umande wa usiku unaudhoofisha. Wa Oktoba unapanda mitini. Waulizeni wenzetu wanaotunza mpingo. Mti ule huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia kuvunwa. Moto mkali ukiupiga shinani, jeraha linaingiza uozo; unaangusha gogo, unakuta pango katikati, mnunuzi anageuza gari. Vijiji vya Kikole na Kisangi, hapahapa Kilwa, vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, baraza la kimataifa linalothibitisha misitu inayosimamiwa vizuri; kilikuwa cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Mali ya namna hiyo haitaki kuachiwa kiberiti cha Oktoba.

Anayesafisha shamba naye apewe njia halali: amweleze mwenyekiti wa kitongoji na majirani siku moja kabla, afyeke kinga kuzunguka shamba, achome jioni upepo ukitulia, asiondoke mpaka majivu yapoe. Na hili nalisisitiza kuliko yote: aliyefuata utaratibu huo, moto ukamshinda, akapiga yowe mapema, asitozwe faini. Amlipe jirani hasara, basi. Faini tumwekee aliyewasha akakimbia.

Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji inaandaa, mkutano mkuu unatoa maoni, kisha halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Ikishapita huko, kuibadilisha ni safari nyingine ndefu. Ibara ya nne, inayokataza moto shambani wakati wowote, ifutwe sasa. Mbadala wake nimeuandika kwa mkono, uko kwa mtendaji. Ubandikwe kwenye mti wa mikutano watu wausome.

Nanyi warina asali mlioketi kule nyuma, rasimu haikuwataja hata mara moja, na vienge vyenu vinaingia msituni wakati nyasi zimekauka. Nakaa chini. Simameni mtuambie mnavizimaje.