Kidonge Hewa na Miguu Inayowaka Moto

Mzee wangu wa hapo mbele, shikamoo, naomba uvue kiatu kimoja, usiogope sikuchomi sindano. Mnauona huu uzi? Mgumu kama wa kuvulia samaki, ukiugandamiza kwenye ngozi unapinda kwa uzito wa gramu 10 basi. Mzee fumba macho, nikigusa sema ndiyo. Haya, kidole gumba kasema ndiyo. Hapa chini ya kidole cha mwisho nimegusa mara mbili, kimya. Ndo ganzi ya sukari hiyo, sukari imeharibu neva, yaani mishipa ya fahamu ya mguu, na kwa miiba yetu hii ya Dodoma mtu anaweza kuukanyaga asubuhi akatembea nao mpaka jioni, anakuja kushtuka soksi ina damu.

Ila kuna wengine wanawaka moto, usiku shuka ikigusa tu mguu anaamka. Hao ndo dawa nyingi mpya zinajaribiwa kwao, na shida inaanzia hapohapo maana maumivu hayana kipimo cha maabara, unamuuliza tu mtu, toka 0 mpaka 10 leo unaumwa ngapi? Mwingine anakwambia 8 kumbe asubuhi kagombana na mke wake.

Ndo maana kuna kidonge hewa. Kama wale wafanyakazi hewa, jina lipo kazi haipo (msicheke sana, wengine humu mko utumishi). Watu wanagawanywa kwa kura, hawa dawa, hawa kidonge hewa, mgonjwa hajui na dokta anayemuuliza naye hajui, sasa balaa ni kwamba hata waliopewa hewa wanapata nafuu kwelikweli! Mwishoni mwa 2024 kampuni ya Vertex ya Marekani ilitoa majibu ya suzetrijini, dawa mpya ya maumivu, kwa watu wenye maumivu ya neva yanayoshuka toka mgongoni hadi mguuni, dawa ikashusha pointi 2.02, hewa ikashusha 1.98. Yaani wamekabana koo. Mwezi mmoja baadae Marekani wakaipitisha, lakini kwa maumivu makali ya muda mfupi, ya neva za sukari wakati huo ilikuwa bado inajaribiwa.

Mimi jaribio ninalolipenda halina hata dawa mpya. Uingereza, 2022, wagonjwa 130 wa sukari wenye maumivu ya neva, wakalinganisha dawa tatu za kutuliza maumivu hayo, amitriptilini, duloksetini na pregabalini, kila mtu akizipitia zote kwa zamu, ikigoma peke yake wanamwongezea ya pili. Wastani wa maumivu ukatoka 6.6 ukafika 3.3, kwa zote tatu! Tofauti ni maudhi tu, hii inakausha mdomo, hii kichefuchefu, hii kizunguzungu. Na amitriptilini ni dawa ya miaka mingi, bei chee.

Ila hapo tumetuliza maumivu, neva yenyewe hatujaitengeneza, na hizo tatu ganzi ya mzee haziigusi kabisa. Hivyo ni vitu viwili tofauti na wauza dawa wanapenda kuvichanganya.

Naam mama, nimekuona. Hiyo chupa ya stendi inayorudisha neva? Mrudie muuzaji umuulize amewapa watu wangapi, na wangapi kawapa maji ya rangi hiyohiyo bila wao kujua. Akianza kukuonyesha picha za mguu kabla na baada, wewe panda daladala yako. Mzee, hebu na ule mguu mwingine.