Tusilitazame Dubwana Pekee

Ndugu wasikilizaji,

Tuonapo filamu za kubuni za kisayansi, macho hukimbilia dubwana au chombo cha angani. Rai yangu ni kwamba siasa ya filamu hizi tuitafute kwanza kwa watu wa kawaida wanaopita pembeni.

Tuanze na Godzilla, filamu ya dubwana lililoamshwa na majaribio ya mabomu ya nyuklia, iliyoongozwa na Ishirō Honda wa Japani. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kisiwani Bikini, katika Bahari ya Pasifiki, na majivu yenye sumu ya nyuklia yakawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani. Mmoja wao alifariki Septemba. Novemba filamu ikatoka, ikianza na mabaharia waliojipumzisha sitahani kwa muziki, ghafla bahari ikalipuka mwanga. Mtazamaji wa Tokyo hakuhitaji kufafanuliwa. Hata hivyo, kwangu mimi uzito wake umo ndani ya treni, ambamo mwanamke analalamikia samaki walioingia sumu, kisha anasema, kama mtu anayetaja kero ya kila siku, kwamba aliponea chupuchupu Nagasaki, mji wa Japani ambao Marekani iliupiga bomu la atomiki mwaka 1945. Baadaye, mji ukiteketea, mama anawakumbatia wanawe na kuwaambia kwamba muda si mrefu watakuwa pamoja na baba yao. Hatuelezwi baba huyo alifia wapi, na katika nchi iliyotoka vitani miaka tisa tu iliyopita, haikuwa lazima. Filamu ilipohaririwa upya kwa ajili ya Marekani mwaka 1956, dubwana lilibaki, lakini maneno yale ya treni kuhusu Nagasaki yaliondolewa. Waliokata walijua fika pa kukata.

Kipimo hichohicho nakipeleka kwenye District 9 ya mwaka 2009, inayosimulia mambo ya Johannesburg, Afrika Kusini, ambamo ofisa anabisha hodi kibanda kwa kibanda, makaratasi mkononi, akiwataka viumbe wa sayari nyingine watie saini ya kuhamishwa kwao wenyewe. Hilo linatukumbusha District Six, mtaa wa Cape Town ambao serikali ya ubaguzi wa rangi iliutangaza kuwa eneo la Wazungu mwaka 1966, na wakazi wake zaidi ya 60,000 wakaondolewa. Hapo filamu inasema kweli, tena kwa ujasiri. Lakini tuwatazame Wanaijeria wake, waliochorwa kama genge la wahalifu wanaokula nyama ya viumbe wale ili wapate nguvu. Serikali ya Nigeria ilipinga, na nadhani ilikuwa na haki: filamu iliyomtetea mgeni kutoka angani haikumwona mgeni aliyetoka barani humuhumu.