Nani kanilipa niwaonyeshe picha za Laura Aguilar?

Habari zenu wapendwa. Kila nikipandisha video swali ni lile lile: dada, umeenda Los Angeles kutuonyesha picha za mashoga na wasagaji? Wamekulipa shilingi ngapi? Haya, leo najibu. Sijalipwa hata senti, wala sijifanyi mjuzi wa sanaa. Makumbusho ya Vincent Price yako ndani ya chuo, East Los Angeles College, na kiingilio ni bure. Kwa kodi ya nyumba ninayolipa hapa, bure ndiyo naiweza.

Mwaka 2017 walifanya hapo maonyesho makubwa ya mpiga picha Laura Aguilar, Mchicano, maana yake Mmarekani mwenye asili ya Meksiko, mwanamke aliyependa wanawake. Miaka ya 1980 aliwapiga picha wenzake, na kila mmoja akaandika maneno yake mwenyewe kwa mkono chini ya picha. Hakuna aliyesemewa, jamani! Pesa hakuwa nazo. Mwaka 1993 alijipiga picha nje ya galari ameshika kipande cha boksi kilichoandikwa kwamba yuko tayari kufanya kazi mradi wamfungulie milango. Alifariki Aprili 2018, na miaka 58, miezi michache tu baada ya maonyesho yale. Hilo linaniuma mpaka leo.

Na nyie mnaoandika kwamba haya ni mambo ya matajiri wa Hollywood, East Los Angeles ni mtaa wa vibarua. Msanii Joey Terrill, Mchicano na shoga, na marafiki zake waliandamana miaka ya 1970 wamevaa fulana zenye matusi yale yale waliyotukanwa mtaani.

Sasa la kwangu. Makaratasi ya kuishi Marekani. Wakili alichukua hela yangu, simu akaacha kupokea, shangazi yangu akazikwa mimi niko huku. Silalamiki, naeleza. Ndiyo maana mabango ya Julio Salgado ya 2012 yalinishika. Ni msanii shoga, mzaliwa wa Ensenada, Meksiko, wakati huo hana makaratasi, akawachora wenzake wa hali hiyo hiyo pamoja na maneno yao. Mwaka huo huo serikali ya Obama ikaleta DACA, mpango wa kuwaacha wakae na kufanya kazi kwa muda wale wasio na makaratasi walioingia wakiwa watoto: wakati huo ilikuwa dola 465, kibali cha miaka miwili, kikiisha ulilipa tena.

Simwambii mtu aamini nini, na usifunge mzigo kuja huku kwa sababu yangu. Kila mtu na hali yake. Ila atakayewatukana watu hawa hapa chini, nitamfuta.