Breki ya Seli T

Wanangu, hamjambo. Leo tumtazame mtafiti mmoja tu, James Allison, na hasa likizo yake moja ya Krismasi.

Alizaliwa mwaka 1948 huko Alice, mji mdogo wa Texas. Mama yake alifariki kwa saratani ya limfu yeye akiwa bado mtoto. Hata hivyo hakuanza kazi kwa kutafuta dawa. Alitaka kuzielewa seli T, askari wa kinga ya mwili: zinamtambuaje adui?

Miaka ya tisini, akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, maabara yake ilichunguza protini ya CTLA-4 iliyo juu ya seli hizo. Wapo walioamini kwamba inazichochea. Yeye na wengine wachache wakaona kinyume: ni breki. Basi akawaza, tukipata kingamwili, yaani protini inayonasa kitu kimoja maalumu, ya kuizuia breki hiyo, askari watauvamia uvimbe wenyewe. Tulieni hapo kidogo. Kingamwili hii haiilengi saratani, inamlenga askari. Kwangu mimi, hilo ndilo wazo zuri kuliko yote katika fani yetu.

Mwishoni mwa 1994 wakaijaribu kwa panya, na uvimbe ukaisha. Matokeo yalikuwa mazuri mno, Allison akataka jaribio lirudiwe, mpimaji asijue panya yupi kapewa nini. Ilikuwa likizo ya Krismasi na mwenzake alikuwa na safari, kwa hiyo akabaki yeye kupima. Siku za mwanzo uvimbe ulikua kwa panya wote. Wote! Akaendelea kupima. Kisha kwa nusu yao ukasimama, ukanywea, ukatoweka.

Kampuni nyingi za dawa zilimkatalia, mpaka kampuni ya Medarex ikakubali kuitengeneza. Na kwa wagonjwa yakajirudia ya panya: baadhi yao uvimbe uliongezeka kwanza ndipo ukapungua. Kwa vipimo vilivyozoeleka vya tibakemikali, hao walihesabiwa kuwa dawa imeshindwa. Ilibidi watafiti wahesabu nani yuko hai, wasitazame ukubwa wa uvimbe peke yake.

Dawa hiyo ikaitwa ipilimumab, na Marekani iliiidhinisha mwaka 2011 kwa melanoma, saratani ya ngozi, iliyosambaa. Madhara yapo, maana askari asiye na breki huweza kushambulia hata utumbo na ini. Lakini takriban mgonjwa mmoja kati ya watano alikuwa hai baada ya miaka mitatu, na wengi wao wakaendelea kuishi. Mwaka 2018 Allison alipata Nobel pamoja na mtafiti Tasuku Honjo wa Japani.

Kaka yake alifariki kwa saratani ya tezi dume mwaka 2005, dawa ikiwa bado kwenye majaribio.